Motokari ya mbio na fundi wa siku ya posho



Siku moja ya posho, saa kumi mchana, mvua ikiwa imetoka kukatika, waliniletea kijana mmoja wa kambi yetu juu ya kiti cha nyuma cha takisi. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kwa kitenge cha bibi yake. Mimi nilikuwa zamu. Nilipofungua kitenge nikaona mara moja kwamba mifupa miwili, chini ya kiwiko, imevunjika.

Nikamwuliza: «Ni kazini?» Lazima niulize hivyo, kwani kitabu chetu kina mistari miwili, mmoja wa ajali za kazini, mwingine wa ajali za nyumbani.

Akajibu: «Hapana, yaya. Ni ile motokari yangu.»

Kijana huyu ni fundi wa umeme chini ya mgodi. Kwa miaka yote ya kazi yake hajapata hata mkwaruzo ulioandikwa katika kitabu changu. Kaske anavaa, miwani anavaa, kabla ya kugusa mashine anaifunga kwa kufuli yake mwenyewe na ufunguo anautia mfukoni. Shefu wake humtoa kama mfano mbele ya wengine. Lakini nyumbani, katika parsele yake, alilala chali ndani ya matope chini ya motokari ya kilo karibu 1,200, iliyosimama juu ya kriki moja, na kriki yenyewe juu ya tofali. Na mtoto wake wa miaka minne alikuwa ndani, ameshika volani, anajifanya dereva.

Mtoto akakata volani. Motokari ikatikisika, tofali likapasuka.

Kilichomwokoa baba huyo ni kitu alichokifanya bila kufikiri sana: gurudumu alilolitoa alikuwa amelisukuma chini ya motokari, kando yake. Motokari ilipoanguka iliangukia juu ya gurudumu hilo, ikabaki nafasi ya kifua. Mkono tu ndio uliopigwa na mpini wa kriki. Majirani walikuja, wakainyanyua, wakamvuta. Bila gurudumu lile nisingekuwa na kazi yoyote ya kumfanyia.

Sasa wengine watasema: huyu muganga anataka kutukataza kutengeneza motokari zetu. Hapana. Ninajua mshahara wetu, na ninajua bei ya garaje mjini. Mtu aliyenunua Celica ya mwaka 1994, yenye volani upande wa kuume, iliyotoka Japani ikapita kwa watu wengine kabla ya kufika Katanga, hawezi kumpelekea fundi kila mlio anaousikia. Tena Toyota ilianza kuunda Celica mwaka 1970 ikaacha mwaka 2006. Maana yake hakuna Celica mpya duniani. Ile iliyo changa kuliko zote inakaribia miaka 20 au imeipita, na ile ya kijana wetu imepita 30. Mpira wake, waya zake, mabomba yake, vyote vimezeeka. Mwenye motokari ya namna hiyo atashika fungulo apende asipende. Na mimi ninasema ni vizuri. Kubadilisha mafuta ya moteri, buji, chujio la hewa, taa, kusafisha vichwa vya bateri, hayo yote mfanyakazi mwenye akili ya ufundi anaweza kuyafanya kwa mikono yake, watoto wakijifunza kando.

Ninalolikataa ni kitu kingine. Ninakataa mtu awe na akili mbili, moja ya kazini na moja ya parsele.

Nawauliza ninyi mnaoshuka mgodini: nani kati yenu ataingia chini ya paa ambalo halijagongwa wala kutegemezwa? Hakuna. Hata shefu akikasirika, hamwingii. Basi tumbo la motokari iliyonyanyuliwa ni paa. Kriki si nguzo. Kriki ni chombo cha kunyanyua, kazi yake inakwisha motokari ikiwa juu. Baada ya hapo lazima uweke vyuma vya kutegemezea, vile vya miguu mitatu au minne, pande zote mbili, mahali penye chuma kigumu, na juu ya sakafu ngumu. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unakuwa kama sabuni. Magurudumu yaliyobaki chini uyazuie kwa vipande vya mti, mbele na nyuma, kabla ya kunyanyua. Na lile gurudumu ulilolitoa, ulilaze chini ya motokari, kama alivyofanya kijana wetu.

Kama huna vyuma hivyo, tumia miti minene, migumu, iliyopangwa kwa kupishana, mbili hivi na mbili hivi, kama vile wazee walivyopanga nguzo mgodini. Tofali usitumie kamwe, wala la kuchoma wala la simenti. Wachimbaji wa zamani waliipenda miti kwa sababu mti unasema: unalia, unapasuka kidogo kidogo, mtu anapata nafasi ya kukimbia. Tofali halisemi neno. Linasimama vizuri kabisa, halafu halipo tena.

Kijana alikuwa anafanya nini huko chini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana hakuwa anatengeneza kitu kilichovunjika. Alikuwa anataka kukata resori ili motokari ishuke, ikae chini karibu na barabara kama zile anazoziona katika picha. Motokari ya mbio, alisema, haiwezi kusimama juu kama kuku wa mvua.

Nilicheka, lakini nikamkumbusha jambo moja. Motokari hiyohiyo ya Celica ilipata jina kubwa katika Afrika yetu kwa njia ya Safari Rally ya Kenya. Björn Waldegård, mtu wa Sweden, alishinda nayo mwaka 1984. Mwaka 1993 Celica zilichukua nafasi nne za kwanza, ya mbele ikiwa ya Juha Kankkunen wa Finland. Mwaka 1994 alishinda Ian Duncan, dereva wa Kenya mwenyewe. Na motokari hizo zilikuwaje? Zilikuwa zimeinuliwa! Ziliwekewa amortiseri ngumu za safari ndefu, chuma cha kukinga tumbo, chuma cha mbele kwa ajili ya wanyama, na bomba la kuvuta hewa lililopanda juu ili moteri isinywe maji ya mito. Wale waliokuwa na fedha zote na mafundi wote walipoiona barabara ya Afrika waliinyanyua Celica. Sisi wenye barabara ya mashimo kutoka nyumbani hadi kazini ndio tunataka kuishusha?

Resori iliyokatwa ina mambo mawili mabaya. Kwanza, motokari inapiga chini kwenye kila shimo, siku moja karteri inapasuka na mafuta yote yanamwagika. Hilo ni hasara ya fedha tu. Pili, resori fupi inaweza kukaa huru mahali pake gurudumu linaponing'inia, ikahama, na dereva akapoteza njia katika kona. Hilo ni habari yangu mimi.

Na hata kabla ya kukata kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Katika Celica za miaka hiyo, mbele na nyuma, resori na amortiseri ni kitu kimoja: resori imebanwa kuzunguka amortiseri, na juu kuna kibulo kimoja cha katikati kinachoizuia. Ukifungua kibulo hicho kabla ya kuibana resori kwa chombo chake maalumu, inaruka kama kitu kilichopigwa kwa bunduki. Inaweza kuvunja taya, inaweza kutoboa jicho, inaweza kuua. Nimeona mtu akiikaribia kazi hiyo na kamba ya nailoni, ati ataifunga kwa kamba! Kama huna chombo, kazi hiyo si yako. Toa kitu kizima, kipeleke garaje, lipa ile saa moja ya fundi.

Shauri langu kwa mwenye kutaka kuongeza kitu katika motokari yake ni hili: anza na kusimama, siyo na kukimbia. Wote huanza na bomba la moshi lenye sauti kubwa, magurudumu mapana, volani ndogo ya michezo. Sijaona hata mmoja aliyeanza na mafuta ya freni. Na mafuta hayo, ndugu zangu, yanakunywa maji kutoka hewani, mwaka kwa mwaka, hata kama chombo kimefungwa. Yale yanayoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya digri 205. Yakiisha kunywa maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye digri 140. Ukishuka mlima na mzigo, freni zinapata moto, mafuta yanachemka, unakanyaga na mguu unakwenda mpaka chini kama ndani ya godoro. Badilisha kila miaka miwili. Usitie mafuta ya moteri, yanaharibu mipira ya freni. Na yule anayetia maji ya sabuni, kama nilivyosikia, aandike kwanza barua kwa jamaa yake.

Tazama pia mabomba ya mpira ya freni: yapinde kwa vidole, ukiona nyufa, nunua mengine hata kama redio itangoja. Na pine. Kando ya pine, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Pine inaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umekufa. Muuzaji wa sokoni ataipaka dawa nyeusi ing'are, lakini tarakimu hizo hazing'arishwi.

Ukifungua freni, usipulize mavumbi yake kwa mdomo wala kwa kompresa. Sahani nyingi za freni za zamani zilitengenezwa kwa amianti, ambayo ikiingia katika mapafu inangojea miaka mingi na baadaye inaleta ugonjwa mbaya. Tunatoboa mwamba kwa maji ili mavumbi yasipande, sivyo? Fanya vilevile: kitambaa chenye maji, pangusa, kitupe ndani ya mfuko. Kwa nini mavumbi ya mgodi tuyaogope na ya nyumbani tuyaone kama unga?

Juu ya volani ndogo nitasema kwa ufupi. Motokari nyingi za mbio za miaka ya 1990 zina mfuko wa hewa ndani ya volani, unaopasuka kwa baruti wakati wa kugongana. Waya zake ni za manjano. Usizipime kwa taa ya bateri, usizikate. Kama lazima ugusie karibu, toa waya wa bateri na ungoje sekunde 90 au zaidi. Mimi kwa upande wangu ninasema: uache. Mfuko huo ulitengenezwa kwa ajili ya uso wako.

Sasa niseme yale ninayoyaona mimi mwenyewe, kwa kuwa moteri si elimu yangu, lakini wanaotoka kwa moteri wanapita mikononi mwangu.

Yule ninayemwona zaidi ni mnyonyaji wa esanse. Anatia bomba ndani ya tanki, ananyonya kwa mdomo, esanse inafika kooni. Nyumbani wanamnywesha mawese, au maziwa, au wanamtia kidole atapike. Mama zangu, hapo ndipo mnapomuumiza. Esanse ikikaa tumboni inadhuru, lakini si sana. Ikipanda tena kwa matapishi inashuka ndani ya mapafu, na huko inaunguza vibaya. Usimtapishe. Usimpe mawese wala maziwa. Mwoshe mdomo, mvue nguo zilizolowa, mlete kwetu, zaidi sana akianza kukohoa. Na esanse isikae ndani ya chupa ya Fanta, kwa ajili ya watoto. Vilevile maji ya rangi ya radiateri, yale ya kijani au mekundu, ni matamu, na ni sumu ya figo. Yaliyomwagika yaoshwe palepale.

Wa pili ni mwenye macho. Asidi ya bateri ni ndugu wa ile inayotumiwa viwandani kusafisha shaba, wengi mnaijua. Ikiingia jichoni, ni maji safi, mengi, kope zikiwa wazi, dakika 20 nzima kwa saa, si kwa kukisia. Hospitali baadaye. Tena bateri inapochajiwa inatoa hewa inayowaka, kwa hiyo sigara ikae mbali. Aliyeunguzwa na maji ya radiateri, kwa kufungua kizibo moteri ikiwa na moto, naye atiwe kwenye maji baridi dakika 20. Dawa ya meno si dawa ya kuungua. Nimepoteza saa nyingi za maisha yangu nikiondoa dawa ya meno juu ya ngozi za watu.

Na kuna mmoja ambaye haji kwa miguu yake. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, mtu anaingiza motokari ndani, anafunga mlango kwa kuogopa wevi na baridi, anaacha moteri izunguke ili asikilize mlio. Moshi wa moteri una hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko ile tunayoihitaji kuishi. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, mtu anatapika. Kwetu huku kila kichwa kinachouma ni malaria, basi anameza vidonge na kulala palepale. Mama, ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa saa moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Mlango wazi, wote nje, na waje hospitali. Wale waliotoa katalizeri wakaiuza, wakafunga bomba kwa waya na bati, nao wajue kwamba moshi huo unapanda ndani kupitia matobo ya sakafu, pale wanapokaa watoto.

Kama mtu amebanwa chini ya motokari, msimvute. Nyanyueni kwanza, tegemezeni, ndipo mumtoe. Na aliyebanwa mguu au paja kwa muda mrefu aletwe hospitali hata akisema hana maumivu, hata akitembea. Nyama iliyobanwa inaachia sumu inayokwenda kwenye figo baada ya saa kadhaa.

Ninalo pia ombi kwa wakubwa wetu wa usalama. Katika kambi nyingi kuna garaje ya zamani yenye sakafu ya simenti, na hata shimo la kusimama chini ya motokari, imefungwa kwa kufuli na ndani mna panya. Kwa nini isifunguliwe siku ya posho kuanzia asubuhi hadi jioni? Seti mbili tatu za vyuma vya kutegemezea, chombo cha kubania resori, miwani, ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto, na fundi mmoja mstaafu wa kuangalia. Gharama yake si kubwa. Fundi wa umeme aliyevunjika mkono nyumbani anakosa kazi majuma yaleyale kama aliyevunjika mgodini, na nafasi yake inajazwa na mwenzake kwa zamu mbili. Mkono hauulizi umevunjikia wapi. Nimeambiwa kwamba mambo ya parsele si mambo ya usalama kazini. Sijakubali.

Yule kijana wetu, plasta yake itakaa majuma kadhaa bado. Siku ya yenga iliyopita nilipita kwake kumtazama vidole. Celica ilikuwa imesimama juu ya miti minne ya zamani ya reli, imepangwa vizuri, na milango yake imefungwa. Ufunguo wake uko shingoni mwake, kwa kamba, kama ule wa kufuli yake ya kazi. Resori hazikukatwa. Alikuwa amenunua mafuta mapya ya freni, chupa iko dirishani, juu mahali ambapo mtoto hafiki.

Akaniuliza: «Yaya, kazi ya freni za nyuma, mtu anaweza kuifanya kwa mkono mmoja?»

Nikamjibu angoje plasta itoke. Bibi yake, aliyekuwa akipepeta unga karibu na mlango, akasema kwamba yeye amekwisha kumjibu hivyo mara tatu.